Jinsi Nilivyoongeza Nafasi kwenye Rekoda ya Mama

Niseme mapema kabla sijaanza kujipamba: nilipokuwa darasa la sita niliongeza nafasi kwenye rekoda ya televisheni ya mama, na katika kuongeza huko nikafuta mazishi ya nyanya yangu. Yote. Kuanzia wimbo wa kwanza hadi koleo la mwisho la udongo. Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi kama kichekesho katika zile sherehe chache ninazokwenda, maana mimi ni mtu wa nyumbani, na sofa letu lina shimo lenye umbo langu. "Mashine iliniuliza kitu," huwa nawaambia watu, "nami nikabonyeza ndiyo, kama nyote mnavyobonyeza ndiyo bila kusoma." Hapo ndipo wanapocheka zaidi. Nami hucheka nao.

Wiki hii kaunseli ya mji wetu hapa Granville, ughaibuni, imetoa siku ya kuchukua vitu vikubwa, ile siku ambayo kila mtu huweka magodoro na viti vyake vibovu kwenye nyasi kando ya barabara, na majirani hupita polepole kuyakagua maisha yake. Mama akaniambia nisafishe kabati la televisheni. Rekoda nikaikuta nyuma kabisa, nyeusi, imelaliwa na nyaya. Kabla ya kuitia kwenye katoni nikaichomeka kwenye umeme, sijui kwa nini. Ikanguruma. Baada ya dakika chache ikaanza kutoa ile harufu yake, vumbi linalopata joto, kama pasi iliyosahauliwa ambayo bado haijaunguza kitu. Nikajikuta nimekaa chini kwenye zulia. Kwangu mimi harufu hiyo ndiyo ule mwaka mzima tuliofungiwa majumbani kwa sababu ya ugonjwa.

Nyinyi wa rika langu mnaukumbuka. Shule ilikuwa meza ya jikoni na walimu walikuwa vijisanduku kwenye kompyuta. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya paa zetu kana kwamba magharibi yote ya jiji imeiba kitu. Mama alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea karibu na Westmead, kwa hiyo yeye alikuwa na karatasi ya kutoka. Aliondoka alfajiri na kurudi jioni, masikio yamechubuka kwa kamba za barakoa, mikono ikinuka ile dawa ya kuulia vijidudu. Tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Watu wazima wanaposema mwaka ule ulikuwa mgumu kwa watoto, mimi hunyamaza, kwa sababu nusu yangu iliufurahia. Hakuna aliyenilazimisha kwenda kucheza nje. Serikali nzima ilikuwa imekubaliana na tabia yangu.

"Wewe na Susu wako ni kitu kimoja," mama alikuwa akinitania. "Mkipewa kiti na blanketi, dunia na iende."

Susu ni nyanya, kwa Kikamba. Mimi ni Nduku kwa sababu Susu alikuwa Nduku. Kwetu mtoto akipewa jina la nyanya yake, hapewi jina tu, anapewa na heshima yake. Mama hakuniita Nduku. Aliniita Mwaitu, yaani mama yangu. "Mwaitu, kula." "Mwaitu, zima hiyo taa." Hata nilipokosea alinigombeza hivyo, na ni vigumu sana kumgombeza mtu vizuri huku unamwita mama yako. Nilikuwa nikimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yetu watoto wa huku, lakini lile neno nililivaa kama sweta.

Ng'ambo ya ukumbi wa fleti yetu, mlango kwa mlango, alikaa Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu. Alikuwa ameumia mgongo kwenye ghala moja kule Seven Hills, akawa nyumbani mchana kutwa, na mama akamwomba anitupie jicho. Jicho lake lilikuwa sauti. Kila saa aligonga ukuta na kupaza: "Weye mutoto! Uko muzima, ama kompyuta imekukula?" Sheria hazikuruhusu kutembeleana, kwa hiyo akabuni yake: aliweka kiti cha plastiki kizingitini kwake, sisi tukafungua mlango wetu, naye akatazama televisheni yetu kutoka huko, barakoa ikimning'inia sikio moja. "Mimi niko kwangu," alisema. "Macho tu ndiyo yametembea."

Alikuwa hapo kwenye kiti chake siku Susu alipozikwa.

Susu hakuuawa na ugonjwa ule. Alikuwa mzee, alilala, hakuamka. Lakini mipaka ilikuwa imefungwa na mama hangeweza kwenda kwao Makueni hata angeota mbawa. Tukayatazama mazishi kwenye simu iliyoegemezwa kopo la sukari. Mama alivaa kitambaa cheusi kichwani na sare ya kazi mwilini, kwa sababu baada ya mazishi alikuwa na shifti. Picha ilikuwa ikikwama na kuruka. Mtu mmoja mwenye kipaza sauti ndiye aliyeendesha shughuli, na kila baada ya maneno machache alisema jina. Nduku alikuwa mama wa watu. Nduku hakuwahi kumfukuza mgeni. Sasa tunampeleka Nduku kwenye nyumba yake ya mwisho.

Niliziba masikio kwa vidole. Sikuwa nimewahi kusikia jina langu likisemwa na watu wengi hivyo, halafu wote wanalia. Mama hakuniona, macho yake yalikuwa kwenye simu. Jeneza lilifikishwa juu ya shimo, kamba zikashikwa na wanaume wanne, na hapo hapo picha ikaganda. Kile kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka. Mama alitikisa simu. Aliinua simu juu, akaenda nayo dirishani, akarudi. Simu ikakata.

"Bado hajazikwa," mama alisema. Hakuniambia mimi, aliliambia kopo la sukari. "Kwangu mimi bado hajazikwa." Kisha akavaa viatu akaenda kazini kuwageuza wazee wa watu wengine kitandani.

Mtu mzima anajua alichomaanisha. Mimi nilichukua maneno hayo kama yalivyo. Nduku bado yuko juu ya shimo, kamba zimeshikwa. Na kwa kuwa mimi ndiye Nduku mwingine, nikaona kwamba hilo ni jambo zuri sana, na lisiguswe.

Halafu diski ikaja. Mjomba Mutua, kaka yake mama, aliituma kwa posta na ikachukua muda mrefu kwa sababu ndege zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Diski nyeusi, saizi ya kipande cha sabuni, imefungwa kwenye leso ya Susu yenyewe, ambayo bado ilikuwa na harufu ya moshi wa jikoni kwake. Ndani yake mpiga video wa mazishi alikuwa ameweka kila kitu, tangu kupokea mwili hadi maua ya mwisho. Mama aliishika kwa mikono miwili. Akaiweka kwenye droo chini ya televisheni. "Nitaitazama nikipata siku nzima," alisema.

Siku nzima haikupatikana. Wiki zikapita, miezi mitatu ikapita. Mimi nikafungua droo mara kwa mara kuhakikisha Nduku yuko palepale.

Sasa turudi kwenye rekoda. Mama aliinunua imeshatumika na watu wengine, nayo ilikuwa na nafasi ndogo, na mama yangu ni mtu asiyefuta kitu. Mmefika kwetu mkafungua kopo la aiskrimu kwenye friza mkakuta maharagwe? Basi ni huyo. Alirekodi ibada za Jumapili. Alirekodi mkutano wa saa tano asubuhi, ule wa kila siku wa wakubwa wa jimbo, wa kutangaza nani afungiwe wapi, kwa sababu saa hiyo alikuwa kazini. Mikutano hiyo alikataa kabisa kuifuta. "Ni ushahidi," alisema. "Siku polisi akinisimamisha, nitamleta hapa nimwonyeshe tarehe." Na juu ya hayo yote alirekodi mashindano ya kuoka keki, kitu pekee mwaka ule kilichomfanya acheke kwa sauti. Alitazama wazungu wakilia juu ya unga ulioshindwa kuumuka, akawaambia: "Pole, baba. Kesho utaoka tena."

Jioni ya fainali alirudi amechoka hadi kivuli chake kilichelewa kuingia. Akakaa na viatu, akachukua rimoti. Rekoda ikamwambia kipindi hakikurekodiwa, hakuna nafasi. Ule mstari wa kuonyesha nafasi ulikuwa mwekundu mpaka ukingoni. Alikaa akiutazama mstari ule, mkoba bado begani, na nikaona kidevu chake kinatetemeka. Kwa keki, nikawaza. Mama analia kwa keki. Nilikuwa na akili nyingi sana wakati ule.

"Futa ile mikutano," nikamwambia.

"Sifuti kitu, Mwaitu," alisema. "Nimefutiwa vya kutosha."

Siku mbili baadaye alisema ameomba ruhusa, amepewa Jumapili. Jumapili ataitazama diski. Alimwambia Mama Furaha kupitia mlangoni, naye akasema, "Bon, nitaleta kiti yangu." Mama akaniambia mimi pia nitakaa, nimzike Susu pamoja naye.

Ilikuwa Jumatano. Alhamisi nilitafuta kwenye kompyuta, wakati wa somo la hesabu, namna ya kuongeza nafasi kwenye rekoda kama yetu. Mtu mmoja mwenye mikono yenye nywele nyingi alionyesha kwamba huhitaji hata bisibisi: nyuma kuna tundu, chomeka diski yoyote ya nje, mashine itaitayarisha yenyewe, na utapata nafasi ya mamia ya saa. Diski yoyote. Maduka yalikuwa yamefungwa, lakini angalau lile la vyombo vya umeme lilikuwa likileta bidhaa mlangoni. Ningeweza kumwambia mama aagize. Hilo huwa silisemi kwenye sherehe.

Ijumaa mchana nikafungua droo, nikafungua leso, nikachomeka diski. Rekoda ikawaza, ikanguruma, ikatoa vumbi lake la moto. Kisha maandishi yakatokea kwenye kioo. Na hapa ndipo kichekesho changu huwa kinaruka mstari, miaka yote hii. Mstari wa kwanza ulisema diski hii lazima itayarishwe kabla ya kurekodi. Huo huwa nausimulia. Mstari wa pili ulisema kila kilichomo kitafutwa na hakitarudi. Nilikuwa darasa la sita, nikiwa wa kwanza darasani kwa kusoma. Niliusoma. Niliusoma kwa sauti, hata. Nikabonyeza ndiyo. Mashine, ambayo ilikuwa na busara kuliko mimi, ikauliza: una hakika? Nikatazama leso sakafuni. Nikafikiria wale wanaume wanne na kamba zao, jinsi Jumapili watakavyoachilia, na jina litasemwa tena, na mama atasema haya, sasa amezikwa. Nikabonyeza ndiyo mara ya pili.

Ilichukua muda wa kuchemsha yai. Mstari mwekundu ukawa kijani kibichi, mrefu, mtupu, na nilijisikia mwepesi kama mtu aliyepona homa. Jioni hiyo fainali ya keki ilirudiwa. Nikairekodi. Niliona nimempa mama zawadi mbili.

Jumapili mama alioga, akafunga kile kitambaa cheusi, akapika chai ya tangawizi akaijaza kwenye chupa. Mama Furaha akatokeza na kiti chake. Mlango ukawa wazi. Mama akafungua droo, akaikuta leso peke yake, imekunjwa vizuri kuliko alivyoiacha.

"Diski iko wapi?"

"Nimeshaichomeka," nilisema.

Akatabasamu. Alinishika shavu. "Mwaitu wangu," alisema, "hata umenitayarishia."

Niliketi kwenye sofa, miguu pamoja, mikono juu ya magoti. Mama akabonyeza. Orodha ya diski ikaja na kitu kimoja: Fainali ya Keki. Akarudi nyuma, akaingia tena. Fainali ya Keki. Akavaa miwani. Alibonyeza kila kitufe cha ile rimoti, taratibu, kimoja baada ya kingine, kama anayegonga milango ya majirani akimtafuta mtoto.

"Mazishi yako wapi?"

"Mashine imeyafuta," nikasema, kwa Kiswahili, ambacho sikuwa nikikitumia. "Nilitaka tu kukuongezea nafasi."

Alimpigia Mjomba Mutua na kuweka simu kwenye sauti kubwa. Tukasikia jogoo wa kule, mjomba akihema, mjomba akiahidi kumtafuta mpiga video. Akapiga baada ya robo saa. "Dada, yule kijana ameshafuta. Anasema kadi zake zilijaa. Anasema mazishi yamekuwa mengi, hana nafasi ya kuweka ya mtu."

"Hata yeye," mama alisema.

Nilingoja anichape. Nilitaka anichape. Badala yake aliivuta leso, akaitandika mapajani na kuanza kuilainisha kwa kiganja, na akaongea nayo. "Kosa ni langu. Miezi mitatu imekaa hapo chini ya mkono wangu. Niliogopa kuitazama, nikasingizia kazi. Mtoto ana kosa gani? Mtoto hajui." Akarudia: "Mtoto hajui." Kule kizingitini Mama Furaha, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu nimjue, aliinua kiti chake, akanitazama kwa muda, akafunga mlango bila neno.

Baada ya siku ile mama aliniita Nduku. Kwa upole, bila kisasi. Nduku, kula. Nduku, zima taa. Nilidhani ni adhabu, nikaingoja iishe kama zinavyoisha adhabu. Siku hizi nadhani neno lenyewe lilimkatikia kooni, lakini sijawahi kumuuliza. Kila usiku kabla ya kula aliombea chakula, halafu akaongeza sentensi moja ya kumwomba Mungu amsamehe kwa kutomzika mama yake. Mimi nilisema amina. Mipaka ilipofunguliwa na nauli ikapatikana alikwenda Makueni, akakuta kaburi limeshajengewa. Alirudi na picha moja. "Niliona saruji," alisema, na hakuongeza. Ile sentensi ya kwenye maombi bado anaisema. Ameisema jana, juu ya ugali na sukuma.

Asubuhi ya leo niliteremsha katoni hadi kwenye nyasi, nikaiweka kati ya godoro la mtu na feni isiyo na mabawa. Mama Furaha alikuwa hapo chini akikagua magodoro, mgongo umemkunja zaidi sasa. Akachungulia ndani ya katoni akaitambua rekoda. Kwa mazoea nikaanza kichekesho changu: si unajua, mashine iliniuliza kitu, nami kwa ujinga wangu nikabonyeza.

Hakucheka. Aliegemea ukuta wa mapipa ya taka, akaitazama rekoda, akanitazama mimi kwa jicho lile lile la kizingitini, na akasema:

"Weye, acha kutuchekesha. Siku ya simu uliziba masikio, na ile Jumapili mikono yako ilikuwa kwa magoti. Mutoto mwenye hajui kama kitu imefutwa hakalagi vile. Panda juu umwambie mama yako, na hii katoni uiache hapa."